Kapsuli moja, viambato vinne: uchambuzi wa kisa cha mgonjwa wa warfarini aliyetumia dondoo za uyoga na jinsengi

Kisa hiki kilitokea katika kliniki ya wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, ambako mimi ni mfamasia, na ninakieleza kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, aliyekubali habari zake zitumike kwa sharti kwamba jina lake na mahali anapoishi visitajwe. Ni mwanamke wa miaka 61, mwalimu mstaafu, ambaye utotoni aliugua homa ya baridi yabisi iliyoacha makovu kwenye vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo. Njia ya vali hiyo imekuwa finyu, chumba cha juu kimetanuka, na mapigo ya moyo wake yamepoteza mpangilio. Katika hali kama hiyo damu hutuama ndani ya chumba cha juu na kuganda, na bonge likichomoka na kufika kwenye ubongo huleta kiharusi.

Kwa sababu hiyo anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Wapo wanaouliza kwa nini mgonjwa kama huyu asipewe dawa mpya ambazo hazihitaji damu kupimwa mara kwa mara. Jibu ni kwamba jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2022, likiwa na wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye mapigo yasiyo na mpangilio pamoja na ugonjwa wa moyo utokanao na baridi yabisi, lilionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walifariki kwa kiwango kidogo kuliko waliotumia rivaroksabani, moja ya dawa hizo mpya. Warfarini ndiyo iliyomfaa, na chochote kinachoivuruga kina uzito wa kiharusi.

Dawa hii hupimwa kwa kipimo kiitwacho INR, ambacho huonyesha damu inachukua muda gani kuganda ikilinganishwa na damu ya mtu asiyetumia dawa. Mgonjwa wetu alitakiwa kuwa kati ya 2.0 na 3.0. Chini ya hapo kinga dhidi ya mabonge hupungua. Juu ya hapo hatari ya kuvuja damu huongezeka. Kwa miezi minane mfululizo, akimeza miligramu 5 kila jioni, INR yake ilikuwa kati ya 2.3 na 2.7. Ni mgonjwa ambaye kila mhudumu angependa kuwa naye: hakosi siku yake, huja na daftari lake, na huandika kila kidonge anachomeza.

Mabadiliko

Katika ziara moja INR ilikuwa 2.5. Wiki nne baadaye ilisoma 1.6. Tulirudia kipimo kwa sampuli mpya siku hiyo hiyo, tukapata 1.5, hivyo suala la kosa la maabara likawa limefungwa. Nilimuuliza maswali ambayo kila mtu wa kazi hii anayajua kwa moyo: je, kuna dozi ulizoruka, umebadilisha ulaji wa mboga za majani zenye vitamini K nyingi, umeharisha au kutapika, umepewa dawa mpya, vidonge vyako vimebadilika rangi au kiwanda? Alijibu hapana kwa kila swali, na daftari lake lilimuunga mkono.

Nikaongeza dozi hadi miligramu 6 kwa siku, yaani asilimia 20, nikampa miadi ya wiki moja, na daktari wake wa moyo akaarifiwa. Baada ya wiki hiyo INR ilikuwa 1.7. Kwa mgonjwa aliyekuwa imara kwa miezi minane, ongezeko la asilimia 20 lilitakiwa kuonekana waziwazi zaidi ya hapo, na hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba kuna kitu kinachofanya kazi dhidi ya dawa. Tuliagiza kipimo cha tezi ya shingo, kwa kuwa tezi ikipungukiwa nguvu vigandishi vya damu hudumu muda mrefu zaidi na warfarini huonekana kama imedhoofika. Majibu yalikuwa ya kawaida.

Safari hiyo alikuja na binti yake. Nilipouliza tena kuhusu dawa mpya, binti akamtazama mama yake na kusema, "Mama, na zile kapsuli za uyoga?" Mama akajibu bila kusita, akinigeukia mimi: "Mwanangu, zile si dawa. Ni vitu vya asili tu vya kunipa nguvu." Chupa ilikuwa ndani ya mkoba wake. Alikuwa ameanza kumeza kapsuli mbili kila asubuhi siku mbili baada ya ile ziara ya INR 2.5, yaani kwa takriban wiki tano.

Mgonjwa hakunificha kitu, na hilo lazima liandikwe. Mimi niliuliza kuhusu dawa, naye akajibu kuhusu dawa. Swali langu lilikuwa finyu, na ufinyu huo ulimwacha bila kinga ya kutosha kwa wiki moja zaidi ya ilivyolazimu.

Chupa

Lebo ilitaja viambato vinne: dondoo ya uyoga wa reishi, dondoo ya uyoga wa Hericium erinaceus, kodisepsi, ambayo nayo huhesabiwa kuwa uyoga, na jinsengi, ambayo ni mzizi wa mmea. Kwa dondoo ninamaanisha kiini kilichotolewa kwa maji ya moto au kwa pombe, kisha kikakaushwa kuwa unga. Chini ya majina hayo kulikuwa na tarakimu moja tu: mchanganyiko maalumu, miligramu 1,200 kwa kapsuli mbili. Hakukuwa na kiasi cha kila kiambato. Hakukuonyeshwa kama uyoga ulikuwa tunda lenyewe, yaani kile tunachokiona na kukiita uyoga, au nyuzi zake zilizooteshwa juu ya nafaka, ambazo zikisagwa pamoja na nafaka hiyo huacha wanga mwingi ndani ya kapsuli. Hakukutajwa spishi ya jinsengi.

Upungufu wa mwisho una maana kubwa. Panax ginseng ya Asia ya Mashariki na Panax quinquefolius ya Amerika Kaskazini ni mimea ya jenasi moja, lakini uwiano wa jinsenosaidi zake, ambazo ndizo kemikali zinazohesabiwa kuwa kiini cha mzizi huo, haufanani. Kuna pia mmea unaouzwa kama jinsengi ya Siberia, Eleutherococcus senticosus, ambao si wa jenasi ya Panax na hauna jinsenosaidi. Aliyeandika "jinsengi" peke yake hajamwambia msomaji kitu cha kutosha.

Wala jina la uyoga kwenye lebo halitoshi kuwa dhamana. Uchunguzi wa kimaabara uliochapishwa mwaka 2017 ulikagua bidhaa 19 za reishi zilizokuwa zikiuzwa Marekani, na ni 5 tu ambazo kemikali zake zililingana na uyoga uliotajwa. Hatukuwa na uwezo wa kupeleka kapsuli za mgonjwa wetu kwenye uchunguzi wa aina hiyo, kwa hiyo yote yatakayofuata yanategemea dhana kwamba lebo ilisema kweli kuhusu kilichokuwemo, hata kama ilinyamaza kuhusu kiasi.

Kipi kilifanya nini?

Tulimwomba aache kapsuli siku hiyo hiyo, na tukarudisha warfarini kwenye miligramu 5. Uamuzi wa kurudisha dozi haukuwa mwepesi, kwa sababu INR ilikuwa bado chini. Lakini kama kapsuli ndizo zilizokuwa zikiidhoofisha dawa, basi kuziondoa huku dozi ikibaki juu kungeweza kuipandisha INR kupita kiasi ndani ya wiki mbili. Siku ya tano ilikuwa 1.9, siku ya 14 ikawa 2.4, na baada ya wiki nne 2.6. Alikuwa amerudi pale pale alipokuwa kabla ya chupa.

Mshukiwa wa kwanza ni jinsengi, na ushahidi juu yake una umri wa kutosha. Mwaka 1997 ilichapishwa taarifa ya mwanamume wa miaka 47 mwenye vali bandia ya moyo, ambaye INR yake ilishuka kutoka 3.1 hadi 1.5 baada ya wiki mbili za kutumia jinsengi, ikarejea 3.3 wiki mbili baada ya kuacha. Mfanano na kisa chetu ni mkubwa kiasi kwamba ni rahisi kufunga faili hapo. Lakini taarifa moja ni taarifa moja. Mwaka 2004 zilitoka tafiti mbili zilizotoa majibu tofauti. Katika moja, watu 20 wenye afya walipewa jinsengi ya Amerika au plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, pamoja na warfarini ya siku chache, na INR ya waliopata jinsengi ilishuka kuliko ya wenzao. Katika nyingine, wanaume 12 wenye afya walimeza jinsengi ya Asia kwa wiki moja kabla ya dozi moja ya warfarini, na hakuna badiliko lililoonekana.

Kwa maoni yangu tafiti hizo hazipingani kwa kiwango zinachoonekana kupingana. Spishi ni mbili, muda wa matumizi ni tofauti, na dozi moja ya warfarini kwa mtu mwenye afya haielezi kila kinachomtokea mgonjwa anayeimeza kila jioni kwa miaka. Mwaka 2012 utafiti mwingine wa watu 12 ulionyesha kwamba baada ya siku 28 za Panax ginseng, miligramu 500 mara mbili kwa siku, kiasi cha dawa ya midazolamu mwilini kilipungua kwa takriban theluthi moja, ishara kwamba jinsengi ilikuwa imechochea vimeng'enya vya jamii ya CYP3A vinavyovunja dawa. Uchocheaji wa vimeng'enya ni kazi ya siku nyingi, kwa kuwa mwili lazima utengeneze vimeng'enya vipya, na wiki tano za mgonjwa wetu zinatosha kabisa. Hata hivyo warfarini ni mchanganyiko wa nusu mbili zenye maumbo tofauti, na CYP3A huvunja zaidi ile nusu iliyo dhaifu. Nusu yenye nguvu huvunjwa na kimeng'enya kingine, CYP2C9. Kwa hiyo njia hiyo inaweza kueleza sehemu ya tukio, na mimi sitaki kuifanya ieleze tukio zima.

Mshukiwa wa pili, reishi, anasukuma kuelekea upande wa pili, na hapa ndipo mchanganyiko unapoanza kuwa mgumu kusomeka. Uyoga huo una adenosini na triterpini, kemikali ambazo katika maabara huzuia chembe sahani za damu, zile zinazoziba jeraha, zisishikamane. Kwa binadamu hali ni ya kutuliza zaidi: utafiti wa mwaka 2005 uliowapa watu wenye afya gramu 1.5 za reishi kila siku kwa wiki nne haukuona athari kwenye ugandaji wa damu. Lakini watu hao hawakuwa wakitumia warfarini, na hawakuwa na kidonda tumboni. Tena, INR hupima kazi ya vigandishi vinavyotengenezwa na ini, haipimi chembe sahani. Mgonjwa anaweza kuwa na INR ya chini inayoonyesha damu yake inaganda haraka kupita anavyotakiwa, na wakati huo huo akawa na chembe sahani zilizozubaishwa, na kipimo tunachokiamini kisionyeshe lolote kuhusu jambo hilo la pili. Hatari mbili zinazokwenda pande tofauti hazifutani. Mabonge huzaliwa katika chumba cha moyo ambamo damu hutuama, na kuvuja damu huanzia kwenye kidonda, kila kimoja kwa njia yake.

Kuhusu Hericium na kodisepsi sina la kurefusha. Kodisepsi ina kodisepini, kemikali inayofanana na adenosini, hivyo wasiwasi wa chembe sahani unaigusa pia. Hericium sikuwa na sababu nzito ya kuituhumu kwa kushusha INR.

Ili kupima uzito wa tuhuma nilitumia kipimio cha uwezekano wa mwingiliano wa dawa kilichochapishwa mwaka 2007, chenye maswali kumi. Kisa kilipata alama 5, yaani kiwango cha chini kabisa cha daraja la "yamkini". Kilipata alama kwa kuwa mwingiliano umeshaelezwa kwa binadamu, kwa mfuatano wa muda, kwa kipimo cha damu kilichothibitisha badiliko, kwa kulingana na tabia ya warfarini, na kwa kukosekana kwa sababu nyingine. Hakikupata alama ya kumjaribu mgonjwa upya kwa kapsuli zile zile, na haikuwa haki kumjaribu. Na kulikuwa na alama nyingine niliyoipoteza kwa mkono wangu: kipimio kinauliza kama hali ilirejea baada ya kuacha kitu kinachotuhumiwa bila dozi ya dawa yenyewe kubadilishwa, na mimi nilikuwa nimeibadilisha mara mbili. Ni kweli INR ilipanda ingawa dozi ilishushwa, jambo ambalo linaimarisha tuhuma kwa mantiki ya kawaida, lakini swali halikuulizwa hivyo.

Alama hizo, izingatiwe, ni za kapsuli. Haziwezi kugawanywa kwa viambato vinne. Nikiulizwa na mgonjwa kilichomdhuru ni nini, ninaweza kusema kwa uaminifu kwamba ni kilichokuwa ndani ya chupa, na kwamba ninaituhumu zaidi jinsengi. Siwezi kwenda mbali zaidi.

Je, kuchanganya kuna faida?

Swali hili mgonjwa aliliuliza mwenyewe, na alistahili jibu lenye uzito sawa na lile la madhara. Alisema aliambiwa kwamba uyoga hujenga kinga, jinsengi huleta nguvu, na kwamba vikiwa pamoja kila kimoja humuinua mwenzake.

Hoja ya uyoga ina msingi katika bayolojia. Kuta za seli za uyoga zina beta-glukani, ambazo hutambuliwa na kipokezi kiitwacho dektini-1 juu ya seli za kinga. Mwili huziona kama alama ya kuvu na huamka. Japani iliidhinisha mwaka 1977 dawa iliyotolewa kwenye uyoga wa Trametes versicolor itumike pamoja na matibabu ya saratani. Lakini kuamsha seli katika maabara na kumwondolea mtu maradhi ni mambo mawili. Kwa Hericium, utafiti mdogo wa Japani wa mwaka 2009 uliwahusisha watu 30 wa miaka 50 hadi 80 wenye kupungukiwa kumbukumbu kidogo. Waliomeza unga wa uyoga huo kwa wiki 16 walipata alama bora katika mtihani wa akili kuliko waliopata plasebo, na alama hizo zikashuka wiki nne baada ya kuacha. Kwa jinsengi, jaribio la mwaka 2013 lenye wagonjwa 364 wa saratani lilionyesha kwamba miligramu 2,000 za jinsengi ya Amerika kila siku zilipunguza uchovu kufikia wiki ya nane, ingawa katika wiki ya nne tofauti haikuwa ya kutegemewa.

Haya ni matokeo ninayoyaheshimu, lakini tuyahesabu kwa tarakimu za chupa. Walioshiriki katika utafiti wa Hericium walimeza vidonge 12 vya miligramu 250 kwa siku, jumla gramu 3. Jinsengi ilikuwa gramu 2. Jaribio la reishi nitakalolitaja hapa chini lilitumia gramu 3. Jumla ni gramu 8 kabla hata kodisepsi haijawekwa, na kapsuli mbili za mgonjwa wetu zilibeba gramu 1.2 kwa vyote vinne. Anayezitetea anaweza kusema kwamba dondoo imekolezwa, na kwamba gramu moja yake inatoka kwenye gramu nyingi za uyoga mbichi. Inawezekana, lakini aseme imekolezwa mara ngapi, na ina asilimia ngapi ya beta-glukani na ya jinsenosaidi. Bila tarakimu hizo hakuna anayeweza kulinganisha kapsuli na utafiti wowote. Na inawezekana pia kwamba sehemu kubwa ya gramu hiyo ilikuwa jinsengi, jambo ambalo lingeeleza kwa nini kapsuli iliyoonekana hafifu kwa faida ilitosha kuishusha INR.

Kuhusu kuinuana, njia ya kulithibitisha inajulikana. Unahitaji makundi manne ya watu: wanaotumia uyoga peke yake, wanaotumia jinsengi peke yake, wanaotumia vyote viwili, na wanaotumia plasebo. Kundi la tatu likizidi jumla ya makundi mawili ya kwanza, hapo kuna kuinuana. Kuwarundika watu wote katika kundi moja la mchanganyiko na kuwauliza kama wanajisikia vizuri hakuthibitishi kitu. Ninalo jaribio moja ninalopenda kuwaonyesha wagonjwa, lililochapishwa mwaka 2016, ambamo watu 84 wenye kisukari cha aina ya pili na dalili nyingine za hatari ya moyo waligawanywa katika makundi ya reishi, reishi pamoja na kodisepsi, na plasebo, kwa wiki 16. Sukari haikushuka katika kundi lolote la uyoga kuliko la plasebo, na kuongeza uyoga wa pili hakukuleta kile ambacho uyoga wa kwanza ulikosa.

Mtu anaweza kukumbusha kwamba waganga wa Uchina wa kale waliviweka reishi na jinsengi katika daraja moja la juu la dawa. Ni kweli. Lakini waganga hao walimwandikia mgonjwa mmoja mchanganyiko wake, wakamtazama, wakaubadilisha alipobadilika. Kapsuli ya kiwandani ni ile ile kwa mwenye warfarini na asiye nayo.

Uchovu ambao hakuna aliyeuuliza

Nimebakiza sehemu ya kisa ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Kwa nini mwanamke huyu alinunua chupa? Alichoka. Kwa miezi kadhaa alikuwa akipumzika katikati ya ngazi alizozoea kuzipanda moja kwa moja. Hakutuambia, kwa kuwa aliuhesabu uchovu kuwa ni umri, nasi hatukumuuliza, kwa kuwa INR yake ilikuwa nzuri na ziara zake zilikuwa fupi.

Siku ya chupa tulipima damu yote. Hemoglobini, inayobeba oksijeni katika damu, ilikuwa chini, gramu 9.8 kwa desilita, chembe nyekundu zilikuwa ndogo, na ferritini, inayoonyesha akiba ya madini ya chuma, ilikuwa nanogramu 8 tu kwa mililita. Akiba haishuki hadi hapo kwa wiki tano. Damu ilikuwa ikipotea polepole tangu zamani. Nilipomuuliza kuhusu choo alisema kwamba kwa wiki kadhaa kilikuwa cheusi, na kwamba hakushtuka kwa sababu unga ndani ya kapsuli nao ulikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Kipimo cha kamera kilionyesha kidonda kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba, kisichokuwa kikivuja wakati huo, pamoja na Helicobacter pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vya aina hiyo.

Siwezi kusema kwamba reishi ilizidisha kuvuja kwa kidonda hicho, na siwezi kusema haikuzidisha. Ninachoweza kusema ni kwamba kapsuli zilimpa maelezo ya dalili ambayo, bila hizo, angeileta kliniki. Rangi ya choo ilipata sababu. Uchovu ulipata tiba. Na katika wiki mbili za kwanza, alivyosimulia, alijisikia amepata nafuu kidogo, jambo ambalo silikatai, kwa kuwa anayeanza kujitunza mara nyingi hujisikia hivyo, na kwa kuwa jinsengi yenyewe inaweza kumchangamsha mtu. Nafuu hiyo ndiyo iliyomfanya anunue chupa ya pili.

Matibabu ya bakteria yalihitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa klarithromisini, antibiotiki iliyomo katika matibabu hayo, huipandisha INR. Tulipunguza warfarini mapema, tukapima damu kila baada ya siku tatu, na mara moja tu INR ilifika 3.1. Alipewa madini ya chuma. Baada ya miezi mitatu hemoglobini ilikuwa 12.4.

Tulipokutana siku hiyo alitaka kujua kama anaweza kurudia Hericium peke yake, kwa ajili ya kumbukumbu. Nilimweleza kwamba ushahidi ni wa watu 30, kwamba mimi na daktari wake tungependa akae bila dondoo yoyote angalau hadi kidonda kithibitike kupona, na kwamba akiamua baadaye, iwe ni kiambato kimoja katika chupa moja, chenye spishi, sehemu ya uyoga na kiasi kilichoandikwa, na INR ipimwe kabla ya kuanza na kisha katika wiki ya kwanza, ya pili na ya nne. Kwa wenye maradhi mengine ningekuwa na masharti mengine: anayetumia dawa za kushusha sukari ningemtahadharisha kwamba jinsengi inaweza kuishusha zaidi, aliyepandikizwa kiungo ningemwomba asiguse uyoga wa kuamsha kinga, na mwenye figo dhaifu ningemzuia kabisa uyoga wa chaga, ambao una oksalati nyingi na umeshaelezwa kuharibu figo za mtu aliyeutumia kwa miezi sita. Yeye alisikiliza, akasema atangoja.

Fomu ya kliniki yetu sasa ina mstari mpya chini ya ule wa dawa. Unauliza ni kitu gani kingine mgonjwa anakimeza, anakinywa au anajipaka kwa ajili ya afya yake, hata kama mwenyewe hakiiti dawa, na kimeanza lini. Mama aliujaza kwa mwandiko wake wa ubaoni. Aliandika tarehe, akaandika "hakuna", kisha akainua kalamu na kuniuliza kama vidonge vya madini ya chuma navyo aviandike hapo au juu. Nikamwambia aviandike popote, ilimradi vionekane.